Ukiulizwa, Bonyeza "Baadaye"

Bukom, Accra
6 Februari

Akwele uliyeniachia vyombo vyote,

Habari za huko milimani? Sisi tunashukuru. Mama anakusalimu, goti lake limepoa tangu alipoacha kuinamia sufuria la madonge ya kenkey ya kuuza, maana sasa anayeinama ni mimi. Mdogo wetu Tawia amepoteza jino la mbele na anajiona mzee wa ukoo. Shule yangu ya kutwa imeanza. Sare yake ni ya rangi ya maji yaliyooshewa samaki, usicheke. Dawati moja tunakaa watatu, na wa katikati akitaka kuandika lazima aombe ruhusa.

Kitanda kimekuwa kikubwa mno. Nalala katikati kwa makusudi, lakini kukikucha najikuta upande wangu ule ule wa ukutani.

Sasa neno lenyewe. Ile mashine yetu ya gemu, kila nikiiwasha siku hizi inaleta maandishi: kuna toleo jipya la mfumo, usasishe sasa au baadaye? Mimi nabonyeza "Baadaye," kama alivyotuapisha Fundi Sowah siku ile alipotuchakachulia pale kibandani kwake Circle. Unakumbuka alivyosema? "Mkibonyeza Sasa, msije kunililia." Lakini kuna msichana amehamia nyumba ya mbele, anaitwa Enyonam. Baba yake ni baharia, amemletea mashine kama yetu, ila yake ni mpya na haijaguswa na fundi. Ana mchezo wa mbio za pikipiki, watu wawili mnashindana kila mmoja na mashine yake. Amejaribu kuniwekea, kwetu umegoma. Unataka mfumo mpya.

Nakuuliza kwa sababu mashine ni ya wawili. Mjomba Teiko alipoitoa kwenye sanduku alisema, "Hii ya Akwele na Akuorkor," hakutuwekea mipaka. Niapdeti, au niache?

Nimekufungia shito ya pilipili kwenye kopo la maziwa. Dereva wa gari la Mpraeso ameahidi kulifikisha langoni kwenu.

Ni mimi,
Akuorkor

Mpraeso
27 Februari

Akuorkor wa kitanda kikubwa,

Shito imefika, nusu. Nusu nyingine imekaguliwa na dada zetu wa kidato cha tatu, na hapa ukaguzi hufanywa kwa kijiko. Baridi ya milima hii ya Kwahu usiulize. Asubuhi tunaoga kwa kurukaruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Nalala kitanda cha juu, chini yangu yuko msichana wa Kumasi anaitwa Boatemaa, anakoroma kama mwenye nyumba. Simu ni marufuku kabisa, kwa hiyo zoea mwandiko wangu. Mwambie Mama nakula. Mwambie Tawia asitupe jino hovyo.

Jibu langu: usibonyeze. Wewe mwenyewe unajua. Apdeti ikiingia, kufuli la kiwandani linarudi, na ile michezo mia na arobaini aliyotunakilia Sowah haitafunguka hata mmoja. Hiyo mingine sijali. Kijiji chetu cha mchezoni je? Miaka sita, Akuorkor. Mchezo ulikubali jina moja tu la mchezaji, tukaandika Haaji, mapacha, tukawa tunapokezana: wewe ukilima, mimi nikijenga. Nyumba ya paa la bluu, nyumba ya paa la njano, ua mmoja. Hayo yote yafungiwe ndani kwa sababu ya pikipiki?

Na huyo Enyonam ni nani hasa? Ana umri gani? Kwao hana ndugu wa kucheza naye? Mkicheza mnakaa wapi, pale kitandani? Upande wa nani? Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza tu.

Akwele

Bukom
19 Machi

Akwele mpelelezi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu Mama alikuwa na oda ya msiba, kenkey mia nne, na mikono yangu bado inanuka maganda ya mahindi. Wote wazima. Tawia amelitupa jino juu ya paa la jirani, sasa anamdai jirani.

Enyonam ana miaka kumi na sita kama sisi. Ni wa kabila la Ewe, kwao Keta, mpole, anacheka polepole. Ndugu hana. Tunakaa kitandani, ndiyo, maana chumba hakina kiti, na anakaa upande ulio wazi. Umeridhika?

Nimekwenda Circle kumwona Fundi Sowah, usije ukasema nakurupuka. Alinifokea kwanza, "Nilikwambieni nini nyie mapacha?" Kisha akalainika. Anasema njia ipo, mradi nisibonyeze mwenyewe. Nimpelekee mashine, atoe nakala ya kila kitu, kijiji chetu kikiwemo. Halafu tusubiri. Kuna watu huko duniani kazi yao ni kutafuta ufunguo wa kila mfumo mpya unaotoka. Mara wiki mbili, mara mwezi. Ufunguo ukipatikana, anaapdeti, anafungua tena, anarudisha kijiji mahali pake. Hatupotezi hata kuku.

Kwa hiyo ile hofu yako imepata dawa. Sema "ndiyo" nimpelekee.

Akuorkor

Mpraeso
8 Aprili

Kwa Akuorkor, rafiki wa watu,

Salamu nyingi. Nimepata nafasi ya pili darasani katika kemia, mwambie Mama. Chakula ni kile kile, maharage yenye sharubu. Natumaini goti la Mama linaendelea vizuri.

Kuhusu mashine, nimeuliza hapa. Kuna msichana wa bweni la pili, kaka yake alifanya hivyo hivyo unavyosema, fundi akatoa nakala, akaapdeti, mashine ikafa papo hapo. Kioo kikawa cheusi na hakijarudi mpaka leo. Mafundi wote wanaahidi. Sowah mwenyewe alituahidi betri ya siku mbili, tukapata ya saa mbili.

Halafu kuna jambo la adabu. Kitu cha mapacha hakiamuliwi na mmoja, hilo hata Tawia analijua. Mama akitununulia kandambili hununua jozi mbili, tukipewa yai tunapewa mawili. Mashine ilikuja moja kwa sababu Mjomba alijua sisi ni wamoja. Sasa wewe unataka kunitoa mimi umweke mtu wa nyumba ya mbele.

Anakula kwetu pia? Anakula kwenye sahani yangu ile yenye ua?

Akwele

Bukom
22 Mei

Akwele,

Mama hajambo, Tawia hajambo, kenkey hazijambo. Marufuku ya ngoma ya kabla ya sikukuu imeanza, mji wote kimya, hata wachungaji wanahubiri kwa kunong'ona. Ungekuwepo tungecheza kutwa nzima.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma mara tatu, ndiyo maana nikanyamaza. Sahani ina ua, ndiyo, na Enyonam amekula kwayo mara moja, wali. Nimeiosha.

Wewe unazungumza juu ya kutolewa. Akwele, nani aliyetolewa? Tulijaza shule zile zile, kwa kalamu moja tukipokezana. Kompyuta ya serikali ikakutupa wewe mlimani kwenye shule yenye jina, mimi ikaniacha hapa kwenye dawati la watatu. Wewe ulinunuliwa sanduku la bati, likaandikwa AKWELE kwa rangi nyeupe, mimi nikalishika ncha moja mpaka kituoni. Nilikuwa nikikuonea wivu hadi meno yananiuma, na bado nikakubebea. Wenyewe wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini mimi nimekuwekea lako miezi minne, nabonyeza "Baadaye," "Baadaye," kila siku, huku mwenzangu akinisubiri na pikipiki yake.

Basi. Sitaki ugomvi wa karatasi. Jumapili ya wageni ni ya tarehe 18 Juni, nimeulizia. Mama amenipa nauli. Nitakuja na mashine mkobani, tukae chini tuangalie kijiji pamoja, uniambie usoni nibonyeze au nisibonyeze. Utakalosema nitalifuata.

Akuorkor

Mpraeso
1 Juni

Akuorkor mpenzi,

Nimefurahi mno kusikia unataka kuja. Lakini usije. Mvua imekata barabara ya mlimani. Tena bwenini kuna tetekuwanga, wawili wameshatengwa. Tena Jumapili hiyo huenda tukawa na mtihani. Tena mashine hairuhusiwi getini, watainyang'anya.

Nitakuja mimi likizo. Wasalimie wote, hata huyo wa mbele.

Akwele

Mpraeso
2 Julai

Akuorkor,

Nimesubiri wiki mbili, hakuna barua. Nimemwuliza dereva, anasema hakupewa kitu.

Ulifika salama? Jumapili ile ulipokuja ingawa nilikukataza, ulikaa dakika ishirini tu, hata maji hukumaliza. Kenkey zilikuwa tamu, tuligawana bweni zima. Boatemaa anakusalimu sana. Sikuona sababu ya kuondoka haraka vile, gari la mwisho ni saa kumi na moja na wewe uliondoka saa sita. Au ulikuwa unaumwa?

Mashine hukuitoa mkobani. Nilidhani tutaangalia kijiji. Umebonyeza? Mimi bado nasema usibonyeze, lakini niandikie chochote, hata matusi.

Akwele

Bukom
21 Julai

Akwele,

Sikutaka kuandika. Mama ndiye aliyenikalisha. Mwezi ujao ni Homowo, sikukuu yetu ya mavuno, na Ijumaa ya kabla yake ni ya mapacha. Amekwisha kutafuta majani ya kutuogeshea, na viazi vikuu vya kuponda kwa mawese na mayai ameviagiza. Akaniona ninavyonuna akasema, "Hakuna atakayetia mkono kwenye bakuli la mapacha na kinyongo tumboni, si katika nyumba yangu. Kiandike chote, na mwenzio aandike chake. Mtu asinibakizie." Basi nakiandika.

Nilifika getini kwenu saa tano na nusu. Barabara ilikuwa nzima. Msichana mwenye nywele fupi akanikimbilia, akanishika mkono: "We Akwele, umevaa nini? Matroni akikuona bila sare leo utadeki jikoni!" Nikacheka, nikamwambia mimi si Akwele. Akasema, "Acha utani wako." Nikamwambia mimi ni Akuorkor. Akaniangalia kama nimemtajia jina la samaki. Hakuwahi kulisikia. Huyo ndiye Boatemaa, Akwele, anayelala chini yako tangu Januari.

Akaita wengine. "Njooni muone kivuli cha Akwele!" Wakanizunguka, mmoja akanigusa sikio. Nikasimama na beseni la kenkey kichwani nikajichekesha, maana ningefanya nini. Ndipo ukatokea wewe. Nilikuona uliponiona. Hukukimbia. Ulikuja ukitembea, ukasema, "Huyu ni ndugu yangu wa nyumbani." Ndugu yangu wa nyumbani! Kwa sura hii! Wenzio wakacheka, nawe ukacheka pamoja nao, ukanichukulia beseni, ukauliza habari za goti la Mama.

Mimi nilikuwa nimekuja kukuomba ruhusa ya kubonyeza kitufe, kwa kuwa sisi ni wamoja.

Kinyongo changu cha kwanza ni hicho. Cha pili ni dhambi yangu. Jioni ile ile nilikwenda kwa Enyonam, kwao kuna intaneti. Mashine ikauliza, sasa au baadaye. Nikabonyeza "Sasa." Sikwenda kwa Sowah, sikutoa nakala, sikungoja ufunguo. Enyonam aliniuliza, "Dadako amekubali?" Nikamwambia amekubali. Ilichukua dakika kumi na moja. Ilipowaka tena picha za michezo zote zipo, ila ukiugusa wowote unaambiwa hauwezi kufunguliwa. Nikamwambia Enyonam haya, tucheze pikipiki. Tukacheza mara mbili. Nikashinda mara zote mbili na sikusikia lolote. Kisha akaniona ninalia, akanibana mpaka nikasema kweli, akaizima yake. Anasema hachezi na kitu cha kuibiwa. Karibu wiki tano sasa hajaja kwetu, kwa hiyo sahani yako imepumzika.

Sowah amesema kijiji kimo ndani, hakijafutika, ila mlango umefungwa na ufunguo wa mfumo huu bado haujapatikana. Labda mwezi. Labda hautapatikana. Hakunifokea hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Sikubonyeza kwa ajili ya mchezo. Nilitaka nivunje kitu ambacho ungekisikia huko uliko, kwa sababu mengine yote uliyo nayo siyafikii.

Akuorkor

Mpraeso
29 Julai

Akuorkor, pacha wangu,

Barua yako nimeisomea chooni, mahali pekee hapa unapoweza kulia bila mtu kukuuliza. Sitauliza hali zenu. Mama amesema tusimbakizie, nami naanza.

Yule msichana wa bweni la pili hayupo, wala kaka yake. Nilimtunga. Tetekuwanga niliitunga, mtihani niliutunga. Ulipoleta dawa ya Sowah nilikasirika, maana kijiji kilikuwa kisingizio changu na wewe ukakiponya. Sikuogopa kufuli. Nilikuwa nawaza kila siku mnavyokaa kitandani, anavyocheka polepole, na wewe unamsubiri amalize kucheka. Nilitaka mashine ikatae kwa niaba yangu. Ni wivu, Akuorkor, hauna jina jingine. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nami nilikuwa narusha fimbo kutoka Kwahu kila mwezi.

Na hapa naandika la kinyongo changu mwenyewe, ambalo hukuliuliza. Kabla ya Boatemaa kulikuwa na fomu. Siku ya kuingia shule ofisi ilitupa fomu, pana mahali pa kujaza majina ya ndugu. Nikaandika Tawia. Nikaangalia nafasi iliyobaki, nikarudisha karatasi. Sijui kama nitakueleza ukaelewa. Maisha yote mtu akiniita huwa anaangalia nyuma yangu kumtafuta mwingine. Wakiniita kwa jina langu wanakisia. Hapa mtu anasema "Akwele" na ananiangalia mimi. Nikakipenda kitu hicho kuliko nilivyokupenda wewe, kwa miezi mitano, huku nikikuzuia wewe usipate rafiki hata mmoja. Uliponijia getini na beseni kichwani, niliona wote wanakuzunguka, wanakucheka na kukupenda papo hapo, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilichoona kwanza ni kwamba wamekupenda upesi kuliko walivyonipenda mimi.

Kwa hiyo kijiji umekifunga, sawa. Mimi nilikufuta kwenye karatasi ya serikali. Hatulingani.

Jana nilikwenda kwa matroni kuomba ruhusa ya Homowo. Akanipa karatasi, akasema niandike sababu, na isiwe msiba wa bibi kwa sababu bibi zetu wameshakufa mara nyingi mwaka huu. Nikaandika: Mimi ni pacha, na Ijumaa tunaogeshwa pamoja. Akasoma, akavuta faili langu, akapekua, akaniita kwa jina letu la ukoo. "Wewe Lamptey, pacha? Hapa ndugu mmoja tu, na ni mvulana." Boatemaa na wenzake watatu walikuwa pale wakingoja karatasi zao. Nikasema, "Nilidanganya, madam. Naomba kalamu." Akanipa. Nikakuandika mbele yao wote. Jina lako ni refu, Akuorkor, nafasi ilikuwa ndogo, likatoka nje ya mstari.

Matroni amenipa siku tatu, na adhabu ya kudeki jikoni nikirudi. Nitafika Alhamisi mchana. Mama hunianza mimi kila mwaka kwa kuwa nilitangulia kuzaliwa. Mwambie mwaka huu aanze na wewe, mimi nitasubiri nje na taulo.

Mwite na Enyonam aje kula viazi. Mwombe radhi kwa ajili yangu. Ila, tafadhali, akae upande wa Tawia. Nimekiri tu, sijapona.

Akwele